Mkuki umeuweka wapi?

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, karatasi nyingi za wahusika zimeandikwa "mikuki 5" na basi. Pigano likianza, ubishi nao unaanza: iko mkononi, mgongoni, au chini ya blanketi ndani ya shanta? Gharama ya kuchomoa inategemea hapo, kwa hiyo malizeni kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Piga mistari miwili kwenye karatasi upate vyumba vitatu: mkononi, mwilini, shantani. Kila silaha ya kurusha iwekee harage moja. Mbeya maharage hayakosekani, na ya rangi mbili yatatenganisha visu na mikuki. Ukichomoa, harage linahama chumba. Ukirusha, linatoka kabisa. Penseli na kifutio haviaminiki. Ikifika raundi ya tatu kila mtu ana hesabu yake.

Kwa Dungeons & Dragons ya 2014, kila zamu unashika au kuchomoa kitu kimoja bure, basi. Mpiganaji wa ngazi ya 5 ana mashambulizi mawili. Akianza na mkuki mmoja mkononi, anaurusha, anachomoa mwingine bure, anaurusha. Zamu ijayo mikono mitupu: anachomoa mmoja, anarusha mmoja, shambulizi la pili limekwenda bure. Akianza na miwili, yaani bila ngao, anairusha yote na kuchomoa wa tatu kabla ya kumaliza zamu. Kwa hiyo zamu ya pili nayo inatimia, upungufu unamkuta kwenye ya tatu. Kanuni za 2024 zimeondoa kero hii: kuchomoa ni sehemu ya kurusha kwenyewe.

Hilo lisikufanye ujaze shanta. Nafasi yake ni futi moja ya ujazo, na uzito wa mwisho pauni 30, na mkuki mrefu hauingii humo hata ukiusukuma. Ule mfuko wa kichawi unaobeba pauni 500 ni mbaya zaidi: kutoa kitu kunakula tendo zima, na ncha ikiutoboa, mfuko unaharibika na vyote vilivyomo vinatawanyika ulimwengu mwingine. Visu viingie vikiwa kwenye ala.

Pathfinder toleo la 2, mchezo mwingine wa aina hii, haina huruma. Zamu ina matendo 3. Kisu cha kiunoni: tendo moja kuchomoa, moja kurusha, moja linabaki. Kisu cha shantani: kuvua shanta, kutoa, kurusha. Zamu imeisha.

Mchezo ukiwa wa Uhehe wa Mkwawa, kanuni hizi zinabana, kwa sababu hazitambui shada la mikuki myepesi lililoshikwa mkono wa ngao. Mwongozaji, yaani anayeendesha mchezo, aruhusu mikuki 3 hapo, ichomolewe bure, ila ngao itoe ulinzi wa 1 badala ya 2 hadi shada liishe. Harage la mwisho likitoka, ngao inarudi 2.