Kabla ya Kikao cha Kupitia Mchoro wa Viwanja Vipya

Tangazo likishabandikwa kwamba shamba la jirani litakatwa viwanja vya makazi, wengi wetu hunung'unika wiki nzima kisha tukafika kikaoni mikono mitupu. Kikao hicho hakiulizi kama mradi unakupendeza. Wajumbe wanalinganisha mchoro na kanuni: ukubwa wa viwanja, upana wa barabara, matumizi ya ardhi yanayoruhusiwa, maji yanakoelekea. Anayesema "hatutaki nyumba nyingi hapa" huandikwa kwenye kumbukumbu na kusahaulika. Anayesema "kiwanja namba 14 kimekaa juu ya mkondo wa maji" lazima apewe jibu.

Kwanza ujue maombi yenyewe ni ya nini na yamefika wapi. Kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi, tuseme kutoka kilimo kwenda makazi, ni tofauti na kuomba kuigawa ardhi ambayo tayari imetengwa kwa makazi. Katika ombi la kwanza wajumbe huwa na uwanja mpana wa kukubali au kukataa. Katika la pili, mchoro ukitimiza kanuni, mara nyingi hawana msingi wa kuukataa, ila wanaweza kuuwekea masharti. Tena mahali pengi mchoro hupitiwa mara mbili. Ule wa awali bado unasogezeka: barabara inaweza kuhamishwa, viwanja vikapunguzwa. Ule wa mwisho huangaliwa zaidi kama umetimiza yaliyoagizwa mara ya kwanza. Ukisubiri huo wa pili ndipo ulete hoja ya mtaro, umechelewa. Ulizia vilevile siku ya mwisho ya kupokea maoni ya maandishi, kwa sababu huwa inatangulia kikao, na ofisa wa mipangomiji anayeandaa taarifa ya kitaalamu huimaliza kabla hujapewa nafasi ya kusema.

Omba kuliona jalada lote, siyo picha ya mchoro inayozunguka kwenye simu za watu. Katika skeli ya 1:1,000, sentimita 1 ya karatasi ni mita 10 za ardhi, lakini hesabu hiyo ni ya nakala ya ukubwa halisi tu. Mchoro ukipunguzwa ili uenee kwenye karatasi ndogo, rula itakudanganya. Tumia ule mstari wa vipimo uliochorwa pembeni, maana nao umepungua pamoja na mchoro. Kisha tafuta mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Ilipobanana, ardhi ni mteremko mkali. Ilipoachana, ni tambarare. Kontua mbili zinazotofautiana mita 1 zikiwa na umbali wa mita 20 kati yake, mteremko ni asilimia 5.

Mimi ningetumia nusu ya muda wote wa maandalizi kwenye maji. Nyumba hugeuza udongo unaonyonya kuwa paa lisilonyonya kitu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, basi paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 7,500. Nyumba 60 za namna hiyo ni lita 450,000 kutoka mapaani peke yake, bado hujahesabu barabara na nyua zilizosakafiwa. Maji hayo yote yana pa kwenda, na swali lako kwa mwendelezaji, yaani mwenye mradi wa viwanja, ni: wapi, na kwa kasi gani? Kama amechora bwawa la kuyazuia maji yatoke taratibu, uliza limepimwa kwa mvua ya kiasi gani, mdomo wake unamwagia kwa nani, na nani atakayelizoa tope baada ya viwanja kuuzwa na mwendelezaji kuondoka. Hilo la tope husahaulika, na bwawa lililojaa tope halizuii maji.

Usiridhike na karatasi. Nenda ukatembee pale wakati mvua inanyesha au muda mfupi baada ya kukatika. Piga picha za kalvati (njia ya kupitishia maji chini ya barabara) lililozidiwa na alama za tope ukutani, uandike tarehe na mahali. Mtaalamu aliyepima kiangazi huenda hakuuona mkondo unaofufuka kila masika, na wewe unayeishi hapo umeuona miaka yote. Ndivyo ilivyo pia kwa maji taka: kama kila nyumba itakuwa na shimo lake, udongo upimwe uwezo wake wa kunyonya, na kina cha maji ya ardhini kijulikane msimu yanapopanda.

Barabara nazo zina hesabu yake. Wahandisi wa usafiri Marekani hukadiria karibu safari 9 hadi 10 za gari kwa siku kwa nyumba moja inayojitegemea, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbili. Hiyo ni nchi ya watu wenye magari, kwa hiyo usiibebe nzimanzima. Uliza makadirio ya mradi huu yametoka wapi. Angalia kama mtaa mzima una mlango mmoja tu wa kuingilia, na kama gari la zimamoto litaweza kugeuka mwisho wa barabara isiyotokea.

Mipaka na njia za zamani za miguu zilinganishe na ramani ya upimaji. Eneo la wazi nalo litazame lilipo: kwenye michoro mingine, kwa bahati ya ajabu, watoto hutengewa kucheza palepale penye bonde au korongo ambapo pasingeuzika.

Kikaoni muda wa msemaji huwa dakika chache, kwa hiyo jirani mmoja abebe maji, mwingine barabara, wa tatu mipaka. Msimwandame mjumbe faragha. Yote yapite jaladani. Na kila hoja iishie kwenye ombi linaloweza kuandikwa kama sharti: kalvati lipanuliwe kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, au dhamana ya fedha iwekwe mpaka barabara ikamilike. Uamuzi ukitolewa, chukua nakala yenye masharti yote, na siku hiyohiyo uulize mwisho wa kukata rufaa ni lini; siku hizo huwa chache.