Kabla hujafungua kopo la rangi

Napaka nyumba hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, na karibu kila kazi ninayoitwa kuirudia iliharibika kabla rangi haijagusa ukuta. Rangi hushika kile ilichokikuta. Ikikuta vumbi au chokaa, vikidondoka nayo inadondoka.

Anza na unyevu. Chutama uangalie ukuta kwa chini, hasa upande wa bafu na upande unaopigwa na mvua. Ukiona unga mweupe kama wa muhogo, hiyo ni chumvi: maji yanapanda kutoka kwenye msingi, yakikauka yanaiacha pale juu. Usiioshe, maana itayeyuka irudi ndani. Isugue kavu kwa brashi ya waya, zoa unga wote, kisha utafute maji yanatoka wapi. Kwa bibi mmoja pale Ujiji nilipaka chumba mara mbili, kikamenyeka mara mbili, ndipo nikazunguka nyuma ya nyumba. Udongo wa bustani ulikuwa umerundikana ukutani hadi juu ya usawa wa sakafu! Tuliuondoa, tukachimba mfereji, tukauacha ukuta upumue kiangazi kizima. Mpaka leo naona uchungu kwa pesa za yule bibi.

Siku hizi napima kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Plasta mpya nayo iachie siku 28, hata mwenye nyumba akiwa na haraka ya kuhamia.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa. Kwangua kwa skrepa mpaka ufike kwenye plasta. Rangi ya mafuta inayong'aa ipige msasa mpaka mng'ao ufe. Ila kama ni ya zamani sana, usiisugue kavu, inaweza kuwa na madini ya risasi: lowanisha, vaa barakoa, na watoto waende kwa jirani.

Ufa usiupake skimu, ule unga laini wa kulainishia ukuta, juu juu. Upanue kwa ncha ya skrepa, toa vumbi, lowanisha kidogo, jaza, acha ukauke kabisa, kisha msasa namba 120. Kwenye swichi, zima umeme kwanza ndipo ufungue vifuniko. Kuzizungushia brashi kunaacha ukingo mbaya usiofutika.

Mwisho ni vumbi letu jekundu. Mwagia uwanja maji asubuhi, kisha futa kuta kwa kitambaa chenye unyevu, ukianzia juu. Suuza, rudia, mpaka kitambaa kitoke bila wekundu. Kuta zikishakauka, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia zinazofuata, siku hiyohiyo, kabla upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka ziwani.