Cha kula na cha kuacha baada ya kolonoskopi

Kipimo cha kamera ya utumbo mpana kikiisha, tumbo ni tupu, maji na chumvi vimepungua kwa dawa ya kuharisha uliyokunywa kabla yake, na ndani imebaki hewa iliyopulizwa ili daktari aone vizuri. Chakula cha siku hiyo kichaguliwe kwa kufuata hayo.

1. Dawa ya usingizi ikishapungua, anza na mafunda ya maji. Ukipaliwa au ukisikia kichefuchefu, subiri. Mwenye kisukari aulize kabla ya kutoka hospitali dozi ya vidonge au insulini. Kumeza dozi ya kila siku huku hujala hushusha sukari vibaya.

2. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini): pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, uinywe kidogo kidogo mchana kutwa. Usiikoroge kwenye kikombe kimoja. Inakuwa kali na kukuharisha tena. Dafu ni zuri, ila sodiamu yake ni ndogo, halichukui nafasi ya ORS. Soda hapana: ni gesi juu ya gesi. Aliyepangiwa kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo asikivuke.

3. Mlo wa kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu "chakula laini" kila nyumba ina maana yake. Uji unafaa, lakini si uji wa lishe: ule una soya, karanga na nafaka zisizokobolewa, na soya hujaza gesi kama maharage. Pika uji mwepesi wa mchele au wa sembe, bakuli dogo, sukari kidogo. Ukitulia saa mbili, ongeza yai la kuchemsha, mkate mweupe, ndizi mbivu au supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Jioni wali mweupe na samaki wa kuchemsha unatosha. Ugali ni wa sembe, dona ingoje. Maziwa huwasumbua wengi kwa siku chache baada ya kuharishwa, hivyo chai iwe ya rangi. Mtindi kidogo huvumilika zaidi. Na njaa isikudanganye: sahani ya chipsi mayai usiku huo huo ndiyo inayoleta tumbo la kukata, halafu lawama anapewa daktari.

Maharage, kunde, kabichi, mahindi ya kuchoma, karanga, pilipili na vya kukaanga viache hadi kesho yake. Pombe iache kwa saa 24.

4. Gesi: tembea, ijambe. Usione haya.

5. Kama umekatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, au polipu (kiuvimbe kinachoota ndani ya utumbo), endelea na vyakula visivyo na makapi kwa muda utakaoambiwa, mara nyingi siku chache. Usijinunulie diclofenac wala ibuprofen, maana kidonda kinaweza kuvuja damu hata wiki mbili baadaye; paracetamol inatosha. Aspirini au warfarin (dawa za kuzuia damu kuganda) uliyoandikiwa usiikatishe wala kuirudia kwa kubahatisha, muulize daktari wako.

6. Damu kidogo kwenye choo cha kwanza ni kawaida. Mabonge ya damu, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, homa au kutapika mfululizo: usile kitu, rudi hospitali usiku huo huo.

7. Choo kinaweza kukawia siku mbili tatu kwa kuwa hakuna cha kutoka. Usinywe dawa ya kulainisha choo.