Goti Likiwa Bovu: Jinsi ya Kuuchangamsha Mwili na Kuchoma Kalori

Mtu akiumia goti, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, ushauri wa kwanza anaopewa ni kukaa. Anakaa wiki tatu, paja linanywea, kiuno kinapanuka, na siku anaporudi kupanda ngazi goti linauma kuliko siku alipoumia. Goti likivimba, misuli ya mbele ya paja hulegea yenyewe hata kama haikuguswa, na misuli hiyo ndiyo breki ya goti kila unapoteremka. Kukaa kunaidhoofisha zaidi. Kilo zinazoongezeka nazo haziendi mbali: ukitembea kawaida, goti hubeba mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako kwa kila hatua, na ngazini huzidi hapo.

Goti linahitaji kazi ya kipimo. Kipimo chenyewe utakisoma asubuhi, kabla hujaanza kazi yoyote.

Magoti ya kupeleka hospitali kwanza

Usianze mazoezi haya kama goti lililia "ko!" ulipoumia kisha likavimba ndani ya saa chache, kama huwezi kulikanyagia hatua nne, kama linakwama na kukataa kukunjuka, au linakuachia ghafla ukitembea. Huenda kano au gegedu imechanika, au mfupa umevunjika. Goti jekundu, la moto, lenye homa ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwani usaha ukiingia kwenye kiungo unakula gegedu haraka. Kigimbi kikivimba upande mmoja na kuuma, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Na kwa kuwa selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu ya mifupa na viungo, ni ya kawaida sana katika kaunti za kandokando ya Ziwa Victoria, mtoto au kijana mwenye ugonjwa huo akilalamika goti asiambiwe ni mchezo wa mpira.

Tunaomba pia jambo moja kwa dhati: usimeze diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ya duka la dawa ili uweze kufanya mazoezi. Dawa inaziba mdomo wa goti, wewe unaendelea kuliumiza bila kusikia. Ukiimeza kwa wiki nyingi, tena ukitokwa jasho kwa joto la Kisumu bila maji ya kutosha, tumbo na figo ndizo zinazolipa.

Siku mbili tatu za mwanzo, pumzisha goti, liinue juu ya mto, lifunge bendeji isiyokaza hadi vidole kufa ganzi. Barafu ya wauza samaki inafaa: itie kwenye mfuko, uzungushie kitambaa, uweke dakika 15 hadi 20. Kukandwa kwa nguvu na kuchuliwa kwa mafuta moto siku hizo huzidisha uvimbe.

Tepu ya fundi cherehani

Nunua tepu ya kupimia nguo. Kila asubuhi, ukiwa bado kitandani na mguu umenyooka, pima mzunguko wa goti katikati ya pia, kile kifupa cha mbele ya goti. Pima na goti lisiloumwa, upate pa kulinganishia. Andika. Tepu ipite pale pale kila siku, kwa hiyo weka alama ndogo ya kalamu kwenye ngozi. Ikisogea kidole kimoja tu, namba inadanganya.

Halafu jipe alama ya maumivu, 0 hadi 10. Wakati wa zoezi, maumivu hadi 3 yanavumilika. Asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Tepu ikiongezeka sentimita moja au zaidi, au goti likikaza kuliko jana, kazi ya jana ilizidi: leo fanya nusu yake, usiache kabisa. Namba zikitulia siku tatu, ongeza kidogo. Watu wengi huharibu hapa. Siku goti linapokuwa jepesi wanatembea kilomita sita, kesho yake limejaa, wanakaa wiki nzima, wanaanza upya. Mzunguko huo ndio unaochelewesha kupona, na unavunja moyo kuliko maumivu yenyewe.

Mkeka, viti na blada

Anza chini, kwenye mkeka. Kunja taulo, liweke chini ya goti, kandamiza taulo hilo kwa nyuma ya goti, hesabu 5, legeza. Mara 10, mizunguko mitatu. Weka kiganja juu ya paja uhisi misuli inavyokazana. Usipohisi kitu, kandamiza paja lingine kwanza ili mwili ukumbuke.

Kisha lala chali, mguu mzima umekunjwa, mguu mgonjwa umenyooka. Uinue kama sentimita 30, hesabu 3, ushushe polepole. Tazama goti wakati unainua. Likikunjika kidogo kisigino kinapoachana na mkeka, misuli haijaamka bado. Rudi kwenye taulo siku kadhaa. Malizia kwa kuinua makalio: magoti yamekunjwa, nyayo chini, inua nyonga hadi mwili unyooke, mara 12. Nyuma ya paja ikishikwa na mkakamao, sogeza visigino karibu na makalio.

Baada ya hapo, kukaa na kusimama. Pachika viti vitatu au vinne vya plastiki kimoja ndani ya kingine, uviegemeze ukutani visiteleze. Kila kiti unachoongeza kinainua kikalio, na kadiri kikalio kilivyo juu ndivyo goti linavyokunjika kidogo. Simama bila kujisukuma kwa mikono ukiweza, kaa ukihesabu hadi 3. Mara 8, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Namba za asubuhi zikiwa nzuri wiki nzima, ondoa kiti kimoja. Goti lisitumbukie ndani kuelekea lile jingine. Lielekee kidole cha pili cha mguu.

Hayo yanajenga. Ya kukutoa jasho ni haya. Kaa kwenye stuli imara, mgongo wima, mguu mgonjwa umenyooshwa mbele kidogo. Shika chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji. Funga blada, ule mpira wa tyubu kuukuu unaofungia mizigo kwenye baiskeli, kwenye nguzo au chuma cha dirisha. Sekunde 40 kazi, sekunde 20 pumzika:

1. Ngumi za mbele, kulia kushoto.
2. Kuvuta blada hadi mbavuni, viwiko nyuma, kama anayevuta kasia.
3. Kusukuma chupa juu ya kichwa.
4. Kutwanga: mikono miwili juu, kisha chini kwa nguvu, tumbo limekazwa.

Mizunguko mitano ni dakika 20. Uweze kuongea sentensi fupi lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Usizuie pumzi, hasa kama una presha. Na kagua blada kila mara: ikianza kupasuka pembeni, itakatika ukiwa umeivuta na itakuchapa usoni.

Baiskeli

Kwa goti linaloweza kukunjika kupita pembe mraba, baiskeli ndiyo zawadi kubwa, kwa sababu uzito wako umekaa kwenye kiti. Nchi ya magharibi inaijua baiskeli; boda boda yenyewe ilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli. Tatizo ni kiti. Wengi hukiweka chini ili wakanyage ardhi kirahisi, na goti linakunjwa sana huku likisukuma. Maumivu ya mbele ya goti, chini ya pia, mara nyingi yanatoka hapo.

Mtu akushikie baiskeli. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukihamisha unyayo hadi pedali ikae chini ya sehemu nene ya mbele ya mguu, goti litabaki na mkunjo mdogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Hapo ni sawa. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto ukikanyaga, kiti kimezidi urefu na nyuma ya goti itauma. Paka rangi kwenye bomba la kiti usipoteze kipimo fundi akilegeza.

Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma, haina gia za kubadilisha, na kuanza kwake ni kuzito. Kwa hiyo barabara iwe tambarare. Maeneo ya Kisumu upande wa Ahero yanakufaa, kilima cha Riat hapana, mpaka goti lipone. Toka asubuhi. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuja nchi kavu, na ukirudi ukiukabili, goti linasukuma kama linapanda mlima. Hesabu mguu mmoja: mizunguko karibu 20 kwa sekunde 15. Ikiwa 10 tu na unakamia, njia ni nzito. Anza dakika 10, ongeza dakika 2 au 3 kila baada ya safari mbili zenye asubuhi nzuri.

Maji

Maji ya kiuno hukupunguzia karibu nusu ya uzito unaokanyagia, na ya kifua hukuachia kama theluthi tu. Kutembea kwenye bwawa la kuogelea maji yakiwa kifuani, mbele, nyuma na upande, dakika 20, kunachosha kweli bila kuliponda goti. Mahoteli kadhaa mjini huruhusu kuingia kwa kulipia siku. Ukiogelea, epuka mtindo wa chura, maana teke lake husokota goti na kuvuta kano ya upande wa ndani. Piga mateke mafupi kutoka nyongani.

Ziwa lenyewe liache. Konokono wa ukingoni hueneza kichocho, na viboko wa ufuo wa Dunga, Kisumu, hawabagui mgonjwa.

Kutembea

Fimbo hushikwa na mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hufanya kinyume na kujiongezea mzigo. Simama mikono imening'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo na mguu mgonjwa vikanyage pamoja.

Anza dakika 10 kwenye tambarare, ongeza dakika 5 kila wiki. Kuteremka kunaumiza goti kuliko kupanda, kwa hiyo Nakuru, ukikaa Milimani kuelekea Menengai, panda kwa miguu na uteremke kwa matatu. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano usitoke: kiatu kinanata, mwili unageuka, goti linabaki. Ndara pia hapana. Ukinunua raba za mitumba, ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Kisigino kilichoinamia upande mmoja kitaliinamisha na goti lako.

Hesabu ya kalori

Kadirio rahisi: kilo zako, mara namba ya ugumu wa kazi, mara saa. Kukaa ni 1.3, kutembea kawaida 3.5, mazoezi ya mikono kwenye stuli karibu 3.5, mazoezi ya majini 5.5, baiskeli ya kasi ya wastani karibu 7. Mtu wa kilo 80 kwa nusu saa: kutembea 140, majini 220, baiskeli 280. Toa 50 ambazo ungechoma ukiwa umekaa. Faida halisi ya kutembea nusu saa ni kalori 90, chini ya mandazi moja la kawaida.

Hatusemi hivyo kukukatisha tamaa. Tunasema ili usitafute kalori zote kwenye goti. Soda ya mililita 300 ina karibu kalori 125, kijiko kikubwa cha mafuta 120, gramu 100 za unga wa ugali karibu 360. Ukiacha soda moja na kupunguza vijiko viwili vya mafuta kwenye sahani yako, umeokoa 365, kuliko nusu saa ya baiskeli, na goti halikusogea. Samaki awe wa mchuzi badala ya wa kukaanga. Omena, maharagwe na mayai usipunguze. Misuli ya paja inajengwa kwa hivyo. Kwa watu wazito wenye goti lililochakaa, kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Lengo la wiki ni dakika 150 za kazi ya wastani, ukichanganya: stuli siku mbili, baiskeli au maji siku mbili, kutembea kunakobaki.

Yanayoharibu kazi yote

Choo cha shimo. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa, kisha ukachuchumaa mara mbili kwa siku goti likiwa limekunjika hadi mwisho na kubeba mwili mzima. Fundi wa mbao anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo. Kiwe na miguu minne mipana na kimo cha kiti cha kawaida. Wakati kinatengenezwa, pigilia mti wa kushikia ukutani.

Kufua, inua beseni juu ya meza au benchi. Kupalilia, tumia jembe la mpini mrefu na usogee kwa hatua, usisokote mwili juu ya mguu uliokita. Kanisani au msikitini, omba au swali ukiwa umekaa kwenye kiti. Kupanda matatu, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza mgonjwa, na mwambie makanga asimame kabisa kabla hujakanyaga chini.

Kukimbia kusubiri mpaka tepu isome sawa magoti yote mawili kwa wiki mbili, na uweze kusimama kutoka kiti kimoja cha plastiki kwa mguu mgonjwa peke yake, mara 8, bila goti kuingia ndani. Likiingia, ongeza kiti, urudi kwenye hesabu ya tatu.