Kupanda Chamaecrista fasciculata kwa mbegu za porini
Mmea huu wa jamii ya kunde, wenye maua ya njano, huishi mwaka mmoja. Asili yake ni mashariki na katikati ya Marekani, kwenye mbuga za nyasi na udongo wa kichanga wenye jua tele.

Chuma maganda yakigeuka kahawia. Ukichelewa yatapasuka, yajisokote na kurusha mbegu. Yaanike ndani ya mfuko wa karatasi.

Wengi hukwama hapa: ngozi ya mbegu ni ngumu, haipitishi maji. Isugue kwa msasa hadi mng'ao upotee, bila kufikia kiini, kisha loweka usiku kucha. Panda kina cha milimita 6, palepale itakapokulia, maana mzizi mkuu hauvumilii kuhamishwa. Mbolea ya naitrojeni usiweke kabisa, itanenepesha magugu tu.