Somo: Kitu kimeanguka kutoka gari ya mzigo kikakuumiza. Nani analipa, na unadai vipi?

Somo hili ni la mtu wa Vespa, boda, gari ndogo au mwenda kwa miguu aliyepigwa na jiwe, tofali, ubao au fusi kutoka gari ya mzigo hapa Unguja au Pemba. Mwenye gari ya mzigo naye asome, kwani nusu ya maneno yanamhusu yeye.

Kwanza tuelewane: si kila ushauri wa Bara unafanya kazi huku. Polisi ni wamoja na usimamizi wa bima ni mmoja, lakini Sheria ya Usafiri Barabarani tunayo yetu, na sheria ya ukomo wa madai (muda wa mwisho wa kufungua kesi) nayo ni yetu. Mtu akikwambia bado una miaka ya kudai, muulize anasoma sheria ya wapi.

1. Jua kitu kimetokea wapi

Hapa ndipo madai mengi yanapokufa. Jiwe likipiga kioo kuna njia tatu, na kila moja ina jawabu lake.

Ikiwa limetoka kwenye bodi (sehemu ya kubebea mzigo), dai lako lina nguvu. Mzigo uliofungwa sawasawa hauanguki wenyewe. Kanuni hii ni kongwe: mwaka 1863 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Byrne v Boadle, iliamua kuwa pipa la unga likimwangukia mpita njia kutoka dukani, tukio lenyewe linatosha kuonesha uzembe mpaka mwenye duka aeleze vyengine. Mahakama zetu zimerithi msingi huo. Kwa hiyo ukithibitisha kuwa jiwe limetoka kwenye mzigo, dereva na mwenye gari ndio wenye kazi ya kujieleza.

Ikiwa lilinasa baina ya tairi pacha za nyuma likaruka gari iliposhika kasi, bado unaweza kudai, lakini uoneshe kuwa gari imetoka shimo la mawe au kokoto bila ya kukaguliwa. Fimbo ya chuma na dakika mbili zinatosha kulitoa jiwe la namna hiyo. Kutofanya hivyo ni uzembe.

Ikiwa jiwe lilikuwa barabarani na tairi imelirusha tu, mara nyingi huna dai. Dereva hawezi kufagia njia. Usilazimishe uongo hapa; fundi wa kioo na askari wanajua kutofautisha.

2. Nusu saa ya mwanzo

Namba ya gari kabla ya kitu chochote. Andika, rikodi sauti, au mwambie aliye karibu aishike. Halafu picha: bodi ya gari ya mzigo kwa nyuma, mlango wa nyuma na pini zake, turubai (lipo? limefungwa, au limekunjwa juu ya kichwa cha gari?), mzigo ulivyopanda kupita ukuta wa bodi, na kilichoanguka kikiwa pale pale na kitu cha kipimo pembeni, hata kalamu. Piga pia mchirizi wa mchanga ulioachwa njiani. Mchirizi ule ni shahidi mzuri, na upepo au gari nyengine zinaufuta upesi.

Mzigo ukiwa umepita ukuta, pima bodi. Mfano: urefu mita 3.1, upana 1.7, ukuta 0.4. Hiyo ni kama mita 2.1 za ujazo. Mchanga mkavu una takriban tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, basi ukisawazishwa tu umeshafika tani 3.4 hivi, ukiwa umerowa, zaidi. Gari ya tani 3 iliyopandishiwa kichuguu juu yake imezidi bila ya kuhitaji mizani.

Kuna karatasi moja watu wanaisahau. Mchanga wa Unguja hauchotwi bila ya kibali. Muombe askari aichukue karatasi ya kibali au risiti ya mzigo, maana inaifunga gari na mzigo ule siku ile.

3. Polisi na hospitali

Ripoti kituoni, chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) uende nayo hospitali. Mwambie daktari kila panapouma, hata padogo. Jeraha lisiloandikwa siku ya kwanza linabishaniwa baadaye. Askari akichora ramani ya ajali, hakikisha sehemu kilipoanguka kitu imo.

Kesi ya polisi dhidi ya dereva si dai lako. Akipigwa faini, pesa zinaingia Serikalini. Lakini akitiwa hatiani, nakala ya hukumu inakusaidia sana kwenye dai la fidia.

4. Usitie saini sulhu ya njiani

Sisi ni watu wa kusameheana, na hilo ni jema. Ila karatasi ya "tumemalizana" iliyoandikwa mbele ya askari au sheha, kwa pesa za kioo peke yake, inaweza kukufungia mlango wiki ijayo shingo ikianza kuuma. Ukipokea chochote, andika ni cha nini na kwamba madai mengine yanabaki.

5. Bima na barua ya madai

Hakiki bima ya gari ile kwa namba yake kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima (TIRA). Utaona kampuni na kama bima ipo hai siku ya ajali. Mwenye gari muandikie barua, kampuni ya bima nayo ipe nakala, na uipe taarifa ya maandishi kabla ya kufungua kesi.

Kwenye barua tenganisha mafungu mawili. Hasara mahususi (dawa, nauli, kioo, siku za kazi zilizopotea) zinataka risiti moja moja. Mahakama haitoi kwa kukisia. Maumivu na ulemavu ni fidia ya jumla, hakimu ndiye anayeipima kwa ripoti ya daktari. Wasipojibu, wakili ataangalia thamani ya dai na kukwambia ni mahakama ipi.

Masuali ya wasomaji

*Suali (Wete): Dereva kakimbia. Nina herufi za mwisho za namba na rangi ya gari tu. Nimekwisha?*

Bado, ndugu yangu. Nenda kwenye maduka na vituo vya mafuta vya njia ile uombe picha za kamera mapema, kwani kamera nyingi hufuta zenyewe. Uliza na palipochotwa mzigo. Gari isipojulikana kabisa, hakuna wa kumdai. Inabaki bima yako mwenyewe kama ni bima kubwa.

*Suali (Fuoni): Nilikuwa kwenye Vespa bila ya helmeti. Watanilipa?*

Kukosa helmeti hakukuangusha tofali. Dai linabaki, fidia inaweza kupunguzwa kwa jeraha la kichwa. Kwa mguu uliovunjika, helmeti haina la kusema. Uingereza, kesi ya Froom v Butcher ya 1975 kuhusu mkanda wa gari ilipunguza asilimia 25 pale mkanda ungezuia jeraha lote, na 15 pale ungelipunguza tu. Mahakama zetu hazifungwi na viwango hivyo, ila mawakili huvitaja.

*Suali (Chake Chake): Mimi ndiye mwenye gari. Mteja ndiye aliyetaka ijazwe, na utingo ndiye aliyepakia. Kwa nini nidaiwe mimi?*

Kwa sababu dereva na utingo walikuwa kwenye kazi yako. Aliyeumia anakudai wewe. Ukiona mteja ana mchango wake, muunganishe kwenye kesi. Kwa leo nunua turubai linaloshuka ukutani pande zote, na badilisha pini za mlango wa nyuma zilizolegea. Waya wa kufungia nondo si pini.

*Suali (Mahonda): Naweza kulipeleka dai langu kwa Kadhi?*

Hapana. Kadhi ni wa ndoa, talaka, mirathi na mambo kama hayo.

*Suali (Donge): Na jiwe likianguka kutoka gari ya ng'ombe?*

Msingi wa uzembe ni ule ule, isipokuwa usitegemee stika ya bima. Unamdai mwenye gari mwenyewe. Kabla ya kutumia pesa za wakili, angalia kama ana cha kulipa. Mara nyingi makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, yaliyoandikwa mbele ya sheha na mashahidi wawili, yanakufikisha mbali kuliko hukumu.