Kupokea Urithi Ukiwa Unalipwa Pension Credit Nchini Uingereza
Mstaafu anayelipwa Pension Credit, yaani nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo nchini Uingereza, akipata urithi, aijulishe mara moja ofisi ya pensheni, kwa kuwa kuchelewa huweza kumwachia deni la kurejesha. Pauni 10,000 za kwanza za akiba hazihesabiwi. Kila pauni 500 zinazozidi hapo, au sehemu yake, huchukuliwa kuwa kipato cha pauni 1 kwa wiki, hivyo mwenye jumla ya pauni 14,200 huhesabiwa pauni 9. Kiwanja alichorithi Mombasa nacho ni mali, jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Kulipa madeni au kukarabati paa linalovuja hukubalika, ila atunze risiti. Lakini kuwagawia watoto fedha ili malipo yasipungue ni hatari, maana ofisi inaweza kuzihesabu kana kwamba bado anazo.